Kuchuma Mboga za Mwitu za Mwambao: Mwongozo Kamili wa Kutambua, Kuvuna na Kupika

Kutoka Lamu hadi Mtwara, pamoja na visiwa vya Unguja, Pemba na Mafia, mvua za masika zinapoanza kutulia ardhini, mashamba ya minazi, kando za njia na michanga iliyo juu kidogo ya mpaka wa maji kujaa huota mboga ambazo hakuna aliyezipanda. Si haki kuziita chakula cha njaa. Mchunga uliopikwa kwa nazi huliwa kwa wali na mtu mwenye uwezo kamili wa kununua nyama, na mafungu yake huuzwa sokoni ubavuni mwa mchicha. Mwongozo huu umekusudiwa yule ambaye hakulelewa katika ujuzi huo, au aliyelelewa nao kisha akauacha kijijini alipohamia mjini. Unahusu zaidi majani, na matunda machache baadaye, kwa kufuata mpangilio wa kazi yenyewe: kujifunza, kuchagua wakati na mahali, kutambua, kuchuma, kusafisha na kupika.

Hatua ya kwanza: jifunze mmea mmoja mmoja

Anayeanza hupenda kupewa kanuni fupi ya kutenganisha mmea unaolika na ule wenye sumu, na kanuni za namna hiyo hazikosekani mitaani. Wako wanaosema kwamba mmea unaotoa utomvu mweupe usiliwe, wengine kwamba kilicho kichungu ni sumu, na wengine kwamba chochote kinacholiwa na ndege au nyani kinamfaa binadamu. Zote tatu hazitegemeki. Mchunga, ambao pengine ndio mboga ya mwitu inayopendwa kuliko zote katika mwambao, una utomvu mweupe na ni mchungu kweli kweli. Kwa upande mwingine, mbegu za mbono zina ladha tamu kama karanga, na watoto wanaozila hutapika na kuharisha vibaya. Ndege naye humeza tunda na kuipitisha mbegu tumboni ikiwa nzima, wakati mtu huitafuna, na mara nyingi sumu imo ndani ya mbegu hiyo.

Njia iliyo salama ni ya polepole. Chagua mmea mmoja na ujifunze sura yake katika kila hatua ya maisha yake: ukiwa mche, ukiwa na maua, ukiwa na matunda, na ukiwa umezeeka na kukauka. Uone kwanza sokoni, ambako muuzaji ameutambua tayari, ununue fungu moja, ulipike, kisha uende ukautafute shambani pamoja na mtu anayeuchuma kila mwaka. Kina bibi wa vijijini ndio walimu wa fani hii, na swali zuri la kumwuliza bibi ni hili: “Bibi, huu unafanana na upi usiolika?” Jibu lake lina thamani kuliko jina la mmea wenyewe. Majina hubadilika kutoka mji hadi mji, na jina moja huweza kutumika kwa mimea miwili. Mnavu wa mwambao, kwa mfano, huitwa managu bara ya Kenya, na mchunga wa Waswahili ni mtsunga kwa Wamijikenda. Ndiyo sababu mwongozo huu unataja pia jina la kisayansi la kila mboga. Shaka ikibaki, kata tawi lenye majani na maua, likandamize kati ya magazeti mpaka likauke, kisha ulipeleke kwa wataalamu wa mimea katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam au katika Makumbusho ya Taifa mjini Nairobi, ambako huhifadhiwa mikusanyiko mikubwa ya mimea iliyokaushwa.

Mwaka wa kwanza, mimea mitatu au minne inatosha kabisa.

Hatua ya pili: chagua wakati

Majani ya mwitu hufuata mvua. Masika, ambayo kwa kawaida hunyesha kati ya Machi na Mei, ndiyo majira makubwa. Vuli ya Oktoba hadi Desemba huleta mavuno madogo zaidi. Wiki mbili au tatu baada ya ardhi kulowa vizuri, machipukizi huwa laini na uchungu wake ni mdogo. Mmea ukishatoa maua na mbegu, majani hukakamaa na uchungu huzidi. Mboga ya pwani, itakayoelezwa hapa chini, haifuati sheria hii kikamilifu kwa sababu huishi kwa unyevu wa mchanga na maji ya bahari na hupatikana hata kiangazi, lakini wakati huo huwa na chumvi zaidi na majani madogo.

Kwa anayechuma ufukoni au nyuma ya mikoko, kalenda ya pili ni ya maji. Nyakati za bamvua, karibu na mwezi mwandamo na mwezi mpevu, bahari hujaa sana na kutoka sana, na tambarare za chumvi zilizo nyuma ya mikoko huweza kufunikwa na maji kwa kasi inayomshangaza mgeni. Ingia maji yanapokupwa, si yanapoanza kujaa, na mweleze mtu wa karibu unakokwenda. Wakati wa maji mafu, bahari isipojaa wala kutoka sana, hatari hupungua. Ama saa ya siku, asubuhi baada ya umande kukauka ndiyo bora, kwani majani yaliyochumwa katika jua la adhuhuri hunyauka kabla hayajafika nyumbani.

Hatua ya tatu: chagua mahali

Hapa ndipo wachumaji wa mijini hukosea zaidi, kwa kuwa mboga nzuri kwa macho huota hasa penye takataka. Mboga ya pwani ina sifa ya kunyonya chumvi pamoja na madini mazito kutoka ardhini, kiasi kwamba wanasayansi wameichunguza kama mmea wa kusafishia udongo uliochafuliwa. Sifa hiyo inaifaa ardhi, lakini kwa mlaji ni hatari. Kwa hiyo usichume kando ya Mto Msimbazi unaokatiza Dar es Salaam ukibeba maji ya viwanda na majitaka, wala katika ufuo wa Kibarani mjini Mombasa, ambao kwa miaka mingi ulikuwa jaa la taka za mji, hata kama leo panaonekana kijani na pasafi. Epuka pia kingo za barabara kuu, gereji, mifereji ya majitaka, mahali ng'ombe wanapolala, na mashamba yaliyonyunyiziwa dawa. Kuosha huondoa vumbi na mayai ya minyoo, lakini madini yaliyokwisha kuingia ndani ya jani hayaoshiki.

Jambo la pili ni ruhusa. Shamba la minazi lina mwenyewe hata kama halina ua, na mwenyewe ndiye ajuaye kama alipuliza dawa wiki iliyopita. Kupiga hodi ni adabu na ni usalama pia. Mikoko ya Kenya na ya Tanzania iko chini ya hifadhi ya serikali, na katika hifadhi za taifa kama Saadani au Jozani na Ghuba ya Chwaka hairuhusiwi kuchuma kitu. Kaya za Wamijikenda, yaani misitu yao mitakatifu, zilizoingizwa katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO mwaka 2008, zina sheria zake zinazosimamiwa na wazee, na mgeni hakati hata jani humo bila wao.

Vifaa ni vichache: kisu kidogo chenye makali, kikapu au pakacha linalopitisha hewa, mifuko midogo ya kitambaa ya kutenganisha kila aina, na viatu vilivyofungwa. Usitumie mfuko wa plastiki. Majani huchemka humo kwa joto lake yenyewe.

Hatua ya nne: tambua mboga zenyewe

*Mboga ya pwani* (Sesuvium portulacastrum) ndiyo ya kuanza nayo kwa anayekaa karibu na bahari. Hutambaa juu ya mchanga, juu ya mawe ya matumbawe na katika tambarare za chumvi, ikiweka mizizi kwenye vifundo na kufanya zulia pana. Shina lake ni nene, laini, la kijani au jekundu. Majani hukaa mawili mawili yakielekeana, ni manene yenye maji, marefu kuliko mapana, yamechongoka kidogo nchani. Ua hutoka peke yake kwenye kwapa la jani, nalo ni dogo, lenye ncha tano, la rangi ya waridi inayoelekea zambarau kwa ndani. Ukivunja shina hutoka maji yasiyo na rangi. Ukishazithibitisha alama hizi zote, na si kabla yake, tafuna ncha ya jani moja: chumvi husikika mara moja. Kwenye mchanga huohuo utakuta mlakasa, mtambazi mwenye maua makubwa ya zambarau na majani yaliyogawanyika nchani kama ukwato wa mbuzi. Huo si mboga. Uache ushike mchanga, maana ndiyo kazi yake.

*Tako la hasani* (Portulaca oleracea), jina linalowachekesha watoto kila linapotajwa, ni ndugu wa sura wa mboga ya pwani, lakini huota zaidi bustanini, uwanjani na kando za nyumba. Majani yake ni manene pia, ila yana umbo la kijiko kidogo, mapana nchani na membamba kwenye kitako, na hujikusanya mwishoni mwa matawi. Maua ni ya njano na hufunguka asubuhi penye jua tu. Adui yake ni mimea midogo ya jamii ya mnyaa inayotambaa chini vivyo hivyo, yenye mashina mekundu na vijani vidogo. Namna ya kuitenganisha ni kuvunja shina: mmea huo hutoa maziwa, na tako la hasani hutoa maji safi. Vunja shina la kila mmea unaouchuma, si la mmoja kwa niaba ya wote, kwa sababu mara nyingi mimea hii hukua imesokotana.

*Mchunga* (Launaea cornuta) unastahili maelezo marefu kwa kuwa ndio unaotafutwa zaidi na ndio unaovunja kanuni ya utomvu. Huota mashambani na kwenye udongo uliolimwa zamani, ukisambaa kwa mizizi inayotambaa chini ya ardhi, jambo linalomfanya mkulima auchukie na mchumaji aufurahie, kwani unapokatwa huchipua tena. Mwanzoni majani hukaa chini yakiwa yamezunguka kitovu kimoja. Ni marefu, membamba, laini, bila miiba, na pande zake zina vipande vilivyopinda kurudi nyuma kama pembe ndogo. Baadaye hutoka shina lililosimama, lenye uwazi ndani, na vichwa vya maua ya njano, ambavyo hukomaa na kutoa mbegu zenye manyoya zinazopeperushwa na upepo. Jani likichanika hutoa maziwa. Kwa hiyo mchunga hutambuliwa kwa alama zote kwa pamoja: maziwa, majani ya kitovuni yenye pembe, na maua ya njano yenye mbegu za manyoya. Ikikosekana moja, subiri mmea ukue. Ukishauthibitisha hivyo, wa kuchuma ni machipukizi yake mapya yasiyotoa shina bado, na ukichelewa wiki mbili utajua kwa nini umeitwa hivyo.

*Mlenda* (Corchorus olitorius na jamaa zake) una majani yenye meno madogo pembeni, na kwenye kitako cha jani kuna nyuzi mbili nyembamba zinazotokeza kama masharubu, alama ambayo haina mfano miongoni mwa mboga nyingine zilizotajwa hapa. Maua ni madogo ya njano, na vitumba vyake ni virefu vyenye mistari. Chuma majani tu. Mbegu zina sumu inayoathiri moyo, hivyo usitupie vitumba vilivyokomaa chunguni.

*Tikini*, ambayo Wadigo na ndugu zao huiita futsure (Asystasia gangetica), hupenda kivuli cha minazi na miembe. Majani huelekeana, na ua ni jeupe lenye madoa ya zambarau kwenye mdomo wa chini. Haina uchungu na haina harufu kali, na ndiyo inayotumika kupunguzia makali ya mchunga.

*Mnavu* (Solanum nigrum na jamaa zake) unahitaji uangalifu zaidi. Majani yake laini huliwa kote, lakini matunda mabichi ya kijani yana sumu na lazima yaondolewe yote. Maua ni madogo meupe yenye kitovu cha njano, yakining'inia kwa vikundi. Mnanaha, ambao ni wa ukoo huohuo na ni hatari kabisa, una maua makubwa marefu kama tarumbeta, tunda la mviringo lenye miiba, na majani yanayonuka vibaya yakifikichwa. Miche michanga ya mimea hii miwili huweza kumchanganya mtu, basi usichume mnavu ambao haujatoa ua.

*Kisamvu cha mpira* (Manihot glaziovii) si mmea wa asili. Uliletwa kutoka Brazili kwa ajili ya mpira, na Wajerumani waliupanda kwa wingi katika maeneo kama Tanga kabla ya bei ya mpira kuanguka mwaka 1913. Mashamba yalikufa, miti ikabaki kwenye mipaka na vichaka, na watu wakageukia majani. Jani lake limegawanyika kama la muhogo lakini vipande vyake ni vipana zaidi, kingo zake hazina meno, na kikonyo kimeshika ndani kidogo ya jani badala ya ukingoni. Mbarika, wenye mbegu za nyonyo zinazoua, nao una majani yaliyogawanyika na kikonyo kilichoshika ndani, ila kingo zake zina meno kama msumeno. Mbono una majani mapana ya umbo la moyo yenye pembe butu. Kati ya hiyo mitatu, ni mmoja tu wa kupikwa, na hata huo haupikwi ovyo, kama itakavyoelezwa.

Mimea ya kuacha mahali ilipo

Mbali na hiyo iliyokwisha kutajwa, fahamu sura ya mturituri, mtambazi wenye mbegu nyekundu zenye doa jeusi ambazo hutungwa shanga. Mbegu moja iliyotafunwa vizuri yaweza kumuua mtoto. Utomvu wa mnyaa ukiingia jichoni huunguza vibaya. Tunda la mkomafi, mti wa mikokoni, ni kubwa na la mviringo, linavutia macho, lakini si chakula.

Mtapo unahitaji onyo la pekee. Mmea huu unaofanana na mnazi mfupi ulitoa unga wakati wa njaa katika sehemu nyingi za mwambao, na bado utasikia wazee wakiusimulia. Wanachosimulia, hata hivyo, ni kazi ya siku nyingi ya kukata, kuanika, kuvundika na kuloweka kwa kubadilisha maji mara kwa mara, kwa sababu kokwa zake zina sumu inayoharibu ini. Aliyejifunza kwa kusoma asijaribu. Msimamo huohuo naushikilia kwa viazi vya mwituni, ambavyo vingine vinalika na vingine vinaua, na tofauti yake haionekani kwa mgeni.

Hatua ya tano: chuma

Kata ncha laini, urefu wa kidole hadi kiganja, ukiacha vifundo viwili au vitatu ili mmea uchipue. Usiing'oe mboga ya pwani, kwa kuwa zulia lake ndilo linalozuia mchanga usichukuliwe na mawimbi. Katika kila eneo chukua kiasi kidogo na usogee mbele. Mchunga hukatwa kwa kisu usawa wa ardhi. Kila aina iwekwe katika mfuko wake, wala usichanganye kikapuni kwa ahadi ya kuja kuchambua nyumbani, maana jani lililonyauka hupoteza nusu ya alama zake. Kabla ya kuondoka, tandaza mavuno juu ya kitambaa na uyapitie jani kwa jani. Lenye shaka litupwe.

Kadiria pia kwamba majani husinyaa sana. Kikapu kilichojaa mchunga hutoa bakuli moja la mboga.

Hatua ya sita: safisha na pika

Osha kwa maji mengi mara tatu, na mara ya mwisho loweka kwa dakika chache katika maji ya chumvi ili wadudu watoke. Mboga ya pwani hubeba mchanga kwenye vifundo, hivyo ipanguse kwa vidole.

Kwa mboga ya pwani, chemsha majani na ncha katika maji mengi yasiyo na chumvi kwa dakika tano, mwaga maji, kisha rudia. Onja, kama bado ni ya chumvi mno, chemsha mara ya tatu. Kamua kidogo. Kaanga kitunguu na nyanya, tia mboga, kisha tui jepesi na pilipili, uache ichemke mpaka tui lishikane na mboga. Chumvi isitiwe hata chembe mpaka mwisho, na mara nyingi haitahitajika. Ndimu inaifaa sana, na kamba wadogo au dagaa waliokaangwa huikamilisha. Mwenye shinikizo la damu aile kwa kiasi kidogo au aiache.

Mchunga hukatwakatwa mwembamba, huchemshwa kwa dakika kumi hivi, hukamuliwa kwa mikono, na wanaopenda uchungu wa wastani huishia hapo. Asiyeuzoea achemshe mara ya pili, au achanganye sehemu moja ya mchunga na mbili za tikini, matembele au mchicha, kama wapishi wa Kimijikenda wanavyofanya. Mimi nashauri kuchanganya kuliko kuchemsha mara tatu, kwa sababu mchunga uliokwisha kupoteza uchungu wote haubaki na sababu ya kupikwa. Baada ya kukamua, pika kwa tui jepesi pamoja na kitunguu na bizari kidogo, halafu malizia na tui zito juu ya moto mdogo ukikoroga bila kuacha, tui lisije likakatika. Samaki mkavu au papa aliyelowekwa na kuchambuliwa huenda nao vizuri.

Kisamvu cha mpira kina utaratibu usioruhusu njia ya mkato. Majani yake, kama ya muhogo, yana kemikali inayotoa sianidi. Yanapotwangwa, kimeng'enya kilichomo ndani ya jani huachilia sumu hiyo, nayo hupotea hewani wakati wa kuchemsha. Yanapochemshwa yakiwa mazima, kimeng'enya huuawa na moto kabla hakijafanya kazi, na sehemu ya sumu hubaki chakulani. Kwa hiyo chagua majani machanga, twanga kinuni pamoja na kitunguu saumu hadi yalainike kabisa, acha yatulie kidogo, kisha chemsha katika sufuria isiyofunikwa, mahali penye hewa, kwa nusu saa au zaidi, ndipo utie nazi, njugu au karanga zilizosagwa. Blenda hufanya kazi ya kinu bila tatizo.

Mnavu huchemshwa na maji yake humwagwa. Tako la hasani lina asidi ya oksaliki, na ingawa wengi hulila likiwa bichi katika kachumbari, mwenye historia ya mawe ya figo alichemshe na kumwaga maji, ale kwa nadra. Mlenda hupikwa kwa muda mfupi, kwa magadi kidogo mno, na huliwa kwa ugali. Tikini haina masharti, chemsha tu na uiunge.

Matunda machache ya kuokota njiani

Mengi ya matunda haya msomaji ameshayala bila kufikiri kwamba ni ya mwituni. Ukwaju na ubuyu hazihitaji maelezo. Kunazi huokotwa chini ya mti, kwani matawi ya mkunazi yana miiba iliyopinda. Bungo hupatikana kwenye mtambaa wa misituni na vichakani. Ganda lake nene hutoa utomvu unaonata, basi lipasue kwa kisu kilichopakwa mafuta, chota kokwa zenye nyama ya rangi ya chungwa, zivuruge kwa mkono katika maji, chuja na utie sukari. Kungu zilizoanguka ufukoni hutafunwa nyama ya nje, kisha ganda huanikwa na kupasuliwa kwa jiwe ili kupata kiini. Makoma, matunda ya mkoma, ni magumu kama mbao lakini sehemu ya nje ya kahawia ina utamu wa kutafuna. Mtundakula, au mpingi, hutoa tunda la njano lenye ukali unaoamsha mate. Kula nyama na utupe kokwa. Vivyo hivyo kwa makwakwa, ambayo nyama yake hunyonywa tu na kokwa hazitafunwi kabisa.

Kula mara ya kwanza, na kuhifadhi

Hata mboga iliyotambuliwa bila shaka huweza isikubaliane na tumbo la mtu fulani. Mara ya kwanza kula vijiko vichache vya aina moja, iliyopikwa, kisha ungoje hadi kesho yake. Usimpe mtoto mdogo wala mama mjamzito mboga ambayo nyumba yenu haijaizoea. Anayetumia dawa za kuzuia damu kuganda amwulize daktari kwanza, kwani majani ya kijani kibichi hupunguza nguvu ya baadhi ya dawa hizo. Ikitokea kutapika, kizunguzungu, mboni za macho kupanuka au moyo kwenda mbio, mpeleke mgonjwa hospitali mara moja ukiwa umebeba mmea wenyewe au mabaki ya chakula, na usimlazimishe kutapika wala kumnywesha maziwa au mafuta kwa kudhani yanaua sumu.

Majani mabichi hudumu siku moja au mbili yakifungwa katika kitambaa chenye unyevu. Kwa akiba ya kiangazi, chovya mchunga, mlenda au tikini katika maji yanayochemka kwa dakika mbili, kamua, kisha utandaze juu ya mkeka kivulini penye upepo; mlenda waweza kuanikwa bila kuchovywa. Jani likivunjika kwa sauti linapobanwa, limekauka. Lihifadhi katika chombo kikavu chenye mfuniko, uandike jina na mwezi, na litumie kabla ya masika yajayo. Mboga ya pwani haianikwi, maana chumvi yake huvuta unyevu na kuiozesha.